Kama Ilivyotoka Kiwandani

Walimwita Kopo, na jina lenyewe lilitokana na ekzosi. Bomba la moshi la pikipiki yake lilikuwa limetoboka miaka mingi, tundu la kupitisha kidole gumba, na badala ya kuchomelewa kama watu wenye akili zao wanavyofanya, lilizungushiwa bati la kopo la maziwa ya unga na kukazwa kwa waya. Kazi hiyo aliifanya marehemu baba yake. Kopo aliirithi pikipiki ikiwa hivyo, akaiacha hivyo. Injini iliponguruma bati nalo liliitikia, na kwenye chama cha pikipiki za kale hapakuwa na mzaha uliopendwa kuliko huo.

Chama hicho kilikutana kila Jumapili asubuhi kwenye kituo cha mafuta. Ungewakuta watu wazima, wengine na wajukuu, wamevaa makoti ya ngozi kwenye jua kali, jasho likiwatiririka mpaka ndani ya buti, na hakuna aliyethubutu kulivua koti lake. Kila mmoja alizunguka pikipiki ya mwenzake mikono nyuma, akiinama, akichungulia, akitafuta kasoro. "Hii skrubu si yake," mmoja angesema, na mwenye pikipiki angenuna wiki nzima. Tusi kubwa kuliko yote lilikuwa "imechanganywa", yaani ina kipuri cha pikipiki nyingine. Na sifa kubwa kuliko zote ilikuwa moja tu: "Kama ilivyotoka kiwandani." Mwanamume mwenye mvi akiambiwa maneno hayo aliangalia chini na kuchimba ardhi kwa ncha ya buti kama bibi harusi.

Wakimaliza kukaguana, waliwasha na kwenda kwa msafara mpaka nje ya mji na kurudi. Zilizong'aa zilitangulia. Kopo alikuwa wa mwisho kabisa, kwa amri ya Mwenyekiti, ili moshi wake aumeze mwenyewe.

Siku za kazi alikuwa msoma mita za maji. Alipita vichochoroni na shati lake la buluu la idara, akiinua vifuniko vya chuma, akifukuza mende, akifuta kioo cha mita kwa kidole na kusoma namba huku mbwa wa watu akimbwekea kisogoni. Hakuna anayemfurahia msoma mita. Watu humtazama kana kwamba maji yote yale ameyanywa yeye. Mkewe alishaondoka zamani. Hakuondoka kwa sababu ya pikipiki, ingawa mtaani walipenda kusema hivyo, maana ndivyo kisa kilivyonoga. Aliondoka kwa sababu walichokana, basi. Kopo alibaki na chumba kimoja, jiko la mafuta, na pikipiki aliyoilaza ndani karibu na kitanda.

Lakini alikuwa na jambo moja ambalo hakuna mwenzake chamani aliyekuwa nalo. Pikipiki yake ilikuwa na mtu aliyeingoja.

Mama yake alikuwa anaishi na dada mkubwa wa Kopo, mwalimu mstaafu, kwenye nyumba ndogo aliyoiacha baba, yenye geti la chuma, hatua chache kutoka kona ya barabara. Akili ya mama ilikuwa imeanza kupotea kidogo kidogo. Kwanza alisahau sufuria jikoni, kisha majirani, kisha akawasahau watoto wake mwenyewe. Binti yake wa kwanza, aliyemwogesha na kumvisha, alimdhania mfanyakazi wa ndani, na akawa anamsengenya kwake yeye mwenyewe. "Hapa kuna msichana mvivu kweli," alimwambia dada. "Akirudi mume wangu nitamwambia." Dada alikuwa anaitikia tu, "Mwambie, mama." Baadaye mama akaanza kukataa kula. Uji ulipofika mdomoni alifumba midomo na kugeuza uso, na hakuna aliyeweza kumbembeleza.

Ila jioni, Kopo akitoka kazini, mambo yalibadilika. Pale kona alikuwa anaachia mafuta ili akate, na injini, kwa ugonjwa wake wa siku nyingi, ilikuwa inakabwa, inanyamaza kidogo kama imekufa, halafu inapasua kwenye lile tundu: pa! Bati la kopo linatetemeka, injini inafufuka, inakohoa mpaka getini. Mama, aliyekaa siku nzima akivutavuta upindo wa nguo yake, alikuwa anainua kichwa.

"Baba watoto huyo. Weka maji ya chai."

Aliinuka mwenyewe bila kushikwa mkono, akafuta kiti cha mezani, akakisogeza. Kopo alipoingia alipokewa na mwanamke mwingine kabisa.

"Pole na kazi, baba watoto."

"Nimeshapoa."

"Zile nguzo za bondeni mmezimaliza?"

"Bado mbili."

Baba yao alikuwa fundi wa nyaya za simu. Kopo, kitinda mimba, hakumfahamu sana. Alikuwa mtu wa maneno machache kwa watoto, hasa yule wa mwisho. Sasa, akiwa mtu wa makamo, amekaa kwenye kiti cha baba, ndipo alipojua kwamba yule mzee mkavu nyumbani kwake alikuwa anaulizwa habari za nguzo, anapewa pole, anachaguliwa kipande kizuri cha nyama. Kopo alikula na mama akala. Akiinua kijiko, naye aliinua. Dada alisimama mlangoni akiwatazama, na baada ya kula alikuwa anamsindikiza mdogo wake mpaka getini.

Mtu mwenye bahati ya namna hiyo angetulia nayo. Kopo hakutulia, na hapo ndipo anapokera.

Ilikuwa Jumapili walipokuja wageni wa chama cha mji mwingine. Mwenyekiti, mwenye duka la vioo, mtu aliyependa kila kitu chake kimtazame yeye mwenyewe, aliwatembeza wageni mashine kwa mashine akizieleza. Alipofika mwisho wa mstari aligonga tangi la Kopo kwa fundo la kidole.

"Na huyu," akasema, "tunaye ili mpate kuona tulikotoka."

Wageni wakavunjika mbavu. Mmoja akainama kusoma maandishi ya maziwa kwenye bati, akayasoma kwa sauti, hadi umri wa mtoto anayefaa kupewa. Kopo naye akacheka, kicheko kile cha meno tu. Hapo hapo, mbele ya wote, akatamka kwamba kwenye maonyesho ya mwaka ule ataileta ikiwa kama ilivyotoka kiwandani.

"Hii?" Mwenyekiti akauliza.

"Hii hii."

Dada alipoambiwa hakupinga. Aliambiwa kwamba injini ile imechoka na siku moja itakufa njiani, na hilo lilikuwa kweli, ingawa silo lililomsukuma Kopo. Mwenyewe alikuwa na hoja iliyomridhisha. Baba aliinunua pikipiki ikiwa mpya, alijisemea, na mama aliisikia kwanza ikiwa mpya. Akimrudishia mlio wa siku ile ya kwanza, huenda akili nayo ikarudi nyuma mpaka siku ile. Aliiamini hoja hiyo kwa moyo wote. Mtu akitaka kusifiwa hakosi sababu ya kumhusisha mama yake.

Akachukua likizo. Akaifungua pikipiki yote juu ya magunia chumbani, nati moja moja, akizilowesha kwenye dizeli na kuzisugua kwa mswaki. Ndani ya tangi alitia kokoto na maji, akalitikisa kama mtu anayebembeleza mtoto mkaidi, mpaka kutu yote ikatoka. Akalipaka rangi nyeusi tabaka kwa tabaka, akachora mstari mwembamba wa dhahabu kwa brashi ya nywele chache huku akizuia pumzi. Spoki zikabadilishwa. Silinda aliipeleka kwa fundi wa kukereza vyuma, ikapanuliwa, ikawekewa pistoni mpya na ringi mpya. Moto wa plagi akaupanga sawasawa na maelekezo ya kiwanda, si nywele mbele si nywele nyuma. Na ekzosi, ekzosi halisi ya aina ile, ambayo haijawahi kufungwa popote, aliuziwa na Mwenyekiti mwenyewe, ambaye sasa alikuwa anapita kumtazama na kumwita "bwana". Ile ya zamani, pamoja na kopo lake, alimpa mnunuzi wa vyuma chakavu aliyepita na mkokoteni. Hakumwuliza hata angelipa nini.

Jioni alikwenda kwa mama kwa miguu. Siku ya kwanza alisahau kubadili nguo, akaingia na lile shati la buluu la idara lililojaa grisi. Mama alimkagua juu hadi chini.

"Mita iko nje," akasema, "pale kwenye bomba."

Dada alicheka mpaka akaketi, kisha akajifuta macho, na machozi hayakukoma pale kicheko kilipokoma. Kopo alijaribu. Alikaa kwenye kiti kile kile, akasema mwenyewe, "Nguzo za bondeni zimebaki mbili." Mama akageuza uso kwa aibu ya mwanamke aliyesemeshwa na mwanamume asiyemjua.

Wakamdanganya kwamba baba amesafiri, nyaya zimekatika mbali. Hilo alilikubali, baba enzi zake alikuwa anasafiri kweli. Akawa anamngoja. Alikunywa chai, alikula kidogo kidogo kwa kushurutishwa, na mifupa ya mabega ikaanza kuonekana chini ya nguo.

"Maliza basi, mdogo wangu," dada alimwambia kila alipomsindikiza.

"Namaliza, dada. Akiisikia hii, utaona."

Siku ya maonyesho aliiwasha kwa kiki moja. Uwanja mzima ulisikia. Injini ilikwenda tu-tu-tu-tu, haikosi, haikohoi, hairuki, tulivu kama mtu anayehesabu nguo safi. Mwenyekiti alipiga magoti mbele yake. Alitazama skrubu zote, akapitisha kidole chini ya matairi, akalala chali kabisa na koti lake la ngozi kuangalia chini ya injini. Alipoinuka alijikung'uta vumbi bila haraka, kwa kuwa alijua watu wanangoja.

"Kama ilivyotoka kiwandani," akasema.

Kopo akaangalia chini, akachimba ardhi kwa buti. Alipewa kikombe cha fedha bandia chenye masikio mawili, na wakati wa msafara wakamweka mbele. "Kopo, tangulia!" walimpigia kelele. Kumbe jina lilikuwa limebaki pale pale. Hakujali. Alitangulia, na kwa mara ya kwanza hakuona moshi wa mtu wala wake mwenyewe.

Kutoka huko alikwenda moja kwa moja kwa mama, kikombe kimefungwa nyuma kwa mpira. Pale kona aliachia mafuta. Injini ikashuka polepole, kwa adabu, ikamfikisha getini. Akazima. Ndani kimya. Akapiga hodi, dada akafungua akiwa na taulo begani.

"Umefika saa ngapi? Sijakusikia."

Mama alikuwa pale pale kwenye kiti chake, anavuta upindo wa nguo. Aliitazama ile sura ya furaha mlangoni, na kikombe, na buti.

"Mita iko nje," akasema.

Kopo alitoka mbio. Akaiwasha, akavuta mafuta mpaka majirani wakachungulia, akaenda mpaka kona akarudi, akaenda tena akarudi. Dada alisimama kati ya mlango na kiti cha mama, akimtazama mama usoni. Mwishowe akamfanyia Kopo ishara ya mkono kwamba aache.

"Haisikii?"

"Anaisikia. Inalia kama za watu wengine."

"Lakini dada, hivi ndivyo ilivyolia baba alipoinunua!"

"Nani kakwambia aliinunua?" Dada alisema kwa upole, na upole huo ulimuumiza zaidi. "Baba alipewa na ofisi ikiwa imeshachoka, walikuwa wanaitupa. Mimi nilikuwepo. Siku aliyoileta ililia pa! pale kona, mama akashtuka akamwaga maji ya chai. Nyumba hii hakuna aliyewahi kuisikia ikiwa nzima. Wewe ulikuwa hujazaliwa."

Kopo aliketi barazani na kikombe chake mapajani. Alijiona mjinga, na alikuwa mjinga. Miaka yote ile wenzake walikuwa wanahangaika kurudisha mlio wa kiwandani, na yeye alikuwa nao ule uliotakiwa, akamlipa fundi auondoe.

Kesho yake alianza kuiharibu. Mnunuzi wa chakavu alimwambia mzigo ulishakwenda kuyeyushwa. Akaipeleka ekzosi mpya kwenye drili, akaitoboa tundu la kidole gumba, akalizungushia bati la maziwa ya unga, chapa ile ile. Akauvuruga moto wa plagi, akaichafua kabureta. Ikakohoa, lakini kikohozi cha mtu mwingine. Mara ilipasua mara tatu, mara ilipasua imeshapita geti, mara ilizimika kabisa akaikokota. Mlipuko mmoja ulikuwa mkali mno, mama akaziba masikio na kulia, na ikabidi waache siku kadhaa.

Akarudi kwa fundi wa kukereza.

"Nirudishie silinda ilivyokuwa."

"Chuma nimeshakitoa, nitakirudishaje?"

"Basi niharibie hii."

Fundi aliweka chini kipimio chake akamtazama vizuri, akiona huyu leo ana jambo. "Kuharibu naweza," akasema. "Kuharibu kama alivyoharibu baba yako ndiko siwezi. Ile ilichukua maisha yake yote."

Alasiri moja wakakaa wawili nyuma ya nyumba, Kopo na dada yake, na pikipiki mbele yao, wakijaribu kukumbuka. Dada alijaza mashavu upepo.

"Ilikuwa hivi. Tuh-tuh-tuh, kimya, pa!"

"Kimya kilikuwa kirefu zaidi. Tuh-tuh... pa!"

"Hapana, hiyo ni ya mwishoni, alipozeeka. Sikiliza mimi."

Mwalimu mstaafu na msoma mita, wakipuliza midomo na kutema mate, wakigombana juu ya urefu wa kimya. Wakashikwa na kicheko kisichozuilika. Kutoka dirishani mama akapaza sauti, "Nyie watoto, kelele! Baba yenu akija mtanikoma!" Wakatazamana, maana ilikuwa sauti ya zamani kabisa. Waliingia ndani mbio. Alikuwa ameshawasahau.

Mwenyekiti alizisikia habari za lile tundu. Alikuja mpaka chumbani kwa Kopo, akainama, akalishika bati kwa vidole viwili kama mtu anayeokota kitu chooni.

"Ekzosi ya mwisho ya aina hii mji mzima," akasema. "Umeitoboa kwa mkono wako?"

"Mama yangu hali chakula."

"Sasa mpeleke hospitali! Ekzosi imekosa nini?"

Kopo hakujisumbua kumweleza. Alijua itaishia kuwa mzaha wa Jumapili. Akakitoa kikombe chini ya kitanda, akampa, akamfungulia mlango.

Hospitali walishampeleka. Daktari alisema mpeni anachopenda, kwa wakati anaopenda, jambo jepesi kusemwa na mtu anayeondoka saa kumi. Mama akawa mwepesi kiasi kwamba dada alimbeba peke yake. Jioni walimtoa barazani apate hewa, wakamfunika shuka miguuni, na alikaa ameelekeza uso kwenye kona.

Kopo hakuacha. Kila siku alibadilisha kidogo: waya ulegezwe, tundu lipanuliwe, moto urudi nyuma. Na jioni moja, pale kona, alipoachia mafuta, injini ilikabwa. Ikanyamaza. Kimya kikawa kirefu hasa, mpaka yeye mwenyewe akadhani imezimika, kisha akautambua ukimya ule. Pa! Bati likatetemeka. Injini ikafufuka, ikakohoa mpaka getini, na dada akatoka jikoni mikono imejaa povu.

Mama alikuwa ameinua kichwa. Kopo aliiona shingo ile nyembamba ikinyooka, akaona macho yakitafuta, yakipita geti, yakimfikia. Alizima injini. Hakuthubutu kushuka. Aliandaa midomo kusema nimeshapoa.

Mama akamgeukia dada.

"Binti, mwambie huyo bwana aiondoe pikipiki yake getini," akasema. "Baba watoto akija, atapita wapi?"

Dada alibaki akijifuta povu mikononi. Kopo alishuka mwenyewe, akaikokota mpaka kando ya ukuta, akahakikisha njia iko wazi.